Mbwa Aliyeng'ata Alikuwa Wangu

Nianze na lile baya, nisije nikalizungukazunguka: mbwa aliyemng'ata yule mama wa Mishamo alikuwa wangu. Siyo wa jirani. Wangu mimi, mjumbe wa nyumba kumi, fundi cherehani, mtu ninayejulikana Kawajense nzima kwa kukemea wenzangu. Na nilikaa na siri hiyo peke yangu, mdomo nimeufunga, huku watu wameshika marungu wanataka kuua mbwa wa mwenzangu.

Mbwa wangu hata sura ya kuogopwa hakuwa nayo. Wa kienyeji, rangi ya udongo, mkia umejipinda, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nilipewa na mwenye bucha akiwa bado mdogo wa kubebwa kwenye kikapu. Alikuwa analala chini ya cherehani yangu barazani, wateja wanamruka kama mfuko wa vitambaa. Nilizoea kujitapa kwamba mbwa wangu huyu anaogopa hata kuku. Sikuwa namfunga. Nimfunge wa nini? Alfajiri anaondoka zake, anazurura majalalani mpaka Makanyagio huko, mchana anarudi na harufu zake. Nilikuwa nawaambia wateja ametoka kazini.

Sasa wa jirani. Hilo lilikuwa jibwa. Jirani yangu ni Msukuma, alihamia mtaani kwetu kutoka huko maporini alikokuwa anafuga; ng'ombe aliwaacha kwa ndugu zake, yeye akaja mjini ili watoto wasome. Akaja na mbwa mmoja aliyepewa na mlinzi wa machimbo ya dhahabu: mgongo mweusi, masikio yote mawili wima, kifua kama cha ndama. Tukasema mbwa wa polisi, basi, neno hilo likatosha. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona anang'ata mtu, lakini maisha yake yote tuliyajua. Kwamba analishwa pilipili. Kwamba alilishwa nyigu akiwa mdogo ili awe mkali. Kwamba huko machimboni aliua mtu. Hiyo ya kuua mtu nadhani niliianzisha mimi. Ilikuwa siku ya mvua, wateja hakuna, tumekaa barazani tunapiga soga, na mimi nikiona mazungumzo yanapoa huwa naongeza chumvi.

Na kuna jambo la chanjo. Miezi kadhaa kabla ya hayo, bwana mifugo alikuja na gari, akanipa kipaza sauti nipite mtaani kutangaza chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilifurahi na kile kipaza sauti, sitasema uongo. Nilipita nyumba hadi nyumba nikifoka: "Nyie, leteni mbwa uwanja wa shule! Asiyeleta nitamjua!" Watu walileta. Jirani alilileta jibwa lake kwa mnyororo, watu wakapisha njia mita kumi kila upande, likachomwa sindano likatazama pembeni tu, akapewa kadi. Wa kwangu siku hiyo alikuwa kazini kwake majalalani. Aliporudi, bwana mifugo alishaondoka kwenda kata nyingine. Nikasema mwakani. Katika nyumba zangu zote ni moja tu iliyokosa chanjo, na ilikuwa ya mjumbe.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Yule mama wa Mishamo alikuwa mteja wangu na mimi mteja wake. Familia yake ni wale waliotoka Burundi zamani, wakapewa mashamba huko Mishamo. Yeye kazaliwa hukuhuku, ni Mtanzania kama mimi, ila Kirundi bado kinamponyoka akishtuka. Kila baada ya wiki mbili alikuja Mpanda na gari la asubuhi, ana maharage na mihogo mikavu, anapita nyumba kwa nyumba, saa tisa anapanda gari la kurudi. Kwangu alikuwa anapumzika, tunakunywa uji, tunasemezana.

Siku hiyo hakufika barazani. Nilisikia ukelele kwenye kichochoro kilicho kati ya uzio wangu wa minyaa na ukuta wa jirani, nikaruka, futi bado inaning'inia shingoni. Nikamkuta amekaa chini, maharage yametapakaa kote, kitenge kimechanika, damu inashuka kwenye shavu la mguu hadi kisiginoni.

"Mbwa," akasema.

"Mbwa gani?"

"Sijui. Katokea nyuma. Mana yanje, Mungu wangu, sijui, nimeanguka, kakimbia."

Pale pale, nyuma ya ukuta, jibwa la jirani likabweka mara mbili. Mbwa yeyote angebweka, na ukelele ule! Lakini mimi sikungoja kufikiri. Nikasimama kichochoroni nikapaza sauti: "Ni lile la Msukuma! Si nilisema? Si nilisema siku zote?" Mimi. Wa kwanza. Sikuwa nimeona hata mkia.

Basi ikawa moto. Waendesha bodaboda wa kijiweni wakaacha pikipiki zao, akina mama wakatoka na miiko, muuza duka akafunga duka, na huyo sijawahi kumwona akifunga duka hata kwenye msiba. Tukamshika yule mama huku na huku, tukaingia uani kwa jirani kundi zima, mimi mbele. Damu ilikuwa inanichemka, na nitasema kweli, ndani yake kulikuwa na raha. Nilikuwa na haki, nilikuwa na watu nyuma yangu, na nilikuwa na mtu wa kumfokea. Kitu gani kitamu kama hicho?

Jirani alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa chai. Jibwa limefungwa mnyororo kwenye nguzo ya banda la mbuzi.

"Mwangaluka," akatusalimu, kwa vile kwake salamu haikosekani hata ukija na panga.

"Usituletee mwangaluka," nikamwambia. "Tazama mbwa wako alichofanya."

Akautazama mguu. Akaweka kikombe chini. "Pole sana, mama. Lakini mbwa wangu yuko kwenye mnyororo tangu alfajiri."

"Kajifungua, kang'ata, karudi kajifunga mwenyewe," kijana mmoja wa bodaboda akasema, watu wakacheka kwa hasira.

Hapo ndipo yule mama akaomba manyoya. Huku kwetu dawa hiyo kila mtu anaijua, awe Mbende, Mfipa, Msukuma au mtu wa Mishamo: ukiumwa na mbwa, unachukua manyoya ya mbwa yule yule, unayachoma, jivu lake unalipaka kwenye jeraha. Na kwa jinsi walivyofundishwa kwao, manyoya lazima yatolewe na mwenye mbwa kwa hiari yake. Yakinyakuliwa kwa nguvu hayafanyi kazi. Kwa hiyo kutoa manyoya ni kama kutia sahihi. Mtu akikupa, amekubali kwamba mbwa wake ndiye.

Jirani alilijua hilo vizuri kabisa. Akasimama kitambo, anamtazama yule mama anavyotetemeka. Kisha akasema, "Mbwa wangu hajatoka. Lakini mama anaumia, na kama hii itamtuliza moyo, chukueni."

Sasa nani akate? Wale wanaume wote waliokuwa wanapiga kelele kichochoroni wakaanza kutazama viatu vyao. Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu, fundi hatembei bila mkasi. Jirani akapiga goti, akakibana kichwa cha lile jibwa kifuani pake, na mimi nikasogea hatua moja moja, mapaja yananicheza, nikasema Mungu wangu leo nakwenda na mkono. Nikashika manyoya ya shingoni. Nikakata. Jibwa lilikuwa linatetemeka kunishinda mimi. Halikunguruma hata kidogo. Lilificha macho kwenye kwapa la bwana wake.

Ningekuwa na akili ningejiuliza pale. Badala yake nikainua kile kishungi juu, watu wakashangilia kama tumefunga goli. "Katoa! Kakubali!" Wema wa yule mtu tuliugeuza kuwa ushahidi dhidi yake, kwa dakika moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Tukachoma manyoya kwenye mfuniko wa sufuria. Mfuniko niliushika mimi, yule yule wa kipaza sauti, niliyekuwa nawatangazia watu waoshe jeraha kwa sabuni na maji wakimbie zahanati. Tulipomaliza ujinga wetu ndipo nikapata fahamu kidogo, nikamwita bodaboda, tukapanda mishikaki, mgonjwa katikati.

Daktari wa zahanati aliliona lile jivu akatutazama mmoja mmoja. "Nani fundi wa dawa hii?" Akauosha mguu kwa sabuni na maji ya bomba, muda mrefu, mama wa watu anauma khanga. Akamchoma sindano ya kwanza. Akatueleza taratibu, kama anavyoeleza mtu aliyechoka kurudia: sindano zipo kadhaa, kila moja na siku yake, mbwa afungwe, asiuawe, aangaliwe siku kumi, akibaki mzima siku hizo zote, basi hakuwa na kichaa. Akiugua au akifa, mgonjwa asikose hata sindano moja, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Anakufa.

"Mbwa amechanjwa?" akauliza.

Mlangoni jirani akaingia, jasho linamtiririka, ametufuata kwa baiskeli. Akatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa vizuri pamoja na kadi za kliniki za watoto wake. Daktari akaisoma, akashusha pumzi. "Kama ndiye huyu, hatari imepungua sana. Lakini mama, sindano zako umalize."

Yule mama hakusikia zaidi ya hapo. Amechanjwa. Nikaona uso wake unafunguka. "Basi mimi saa tisa napanda gari langu," akasema. "Nina watoto, nina maharage shambani. Nitoke Mishamo mpaka huku kwa ajili ya sindano, na mbwa ni mzima?" Daktari akabishana naye, lakini alikuwa anabishana na mtu ambaye kichwani tayari yuko Mishamo.

Tulirudi kwangu kama saa saba kasoro. Nikampa khanga avae, nikamlaza chumbani, nikamwambia anipe kile kitenge nikitie kiraka kabla ya gari. Nikakaa kwenye cherehani. Mbwa wangu alikuwa amesharudi, yuko chini pale kwenye kanyagio, mahali pake. Nikainama nimsogeze kwa mguu.

Akaningurumia.

Tangu nimlete kwenye kikapu hajawahi kuningurumia. Nikashangaa, nikainama vizuri, na chini ya kidevu chake nikaona kitambaa. Nikakivuta kwa ncha ya mkasi. Kipande cha kitenge, ukubwa wa kiganja, kimelowa mate. Njano, maua ya bluu. Kitenge cha namna hiyo wanavaa wengi, nikajiambia, kimejaa sokoni. Lakini ukingoni palikuwa na upindo ulioshonwa kwa mkono, uzi mwekundu, mishono mirefu ya mtu asiye fundi. Nikakiweka juu ya tundu la kile kitenge mapajani mwangu. Kikaingia. Kila uzi ulikatikia pale mwenzake ulipokatikia, na upindo mwekundu ukaendelea kama haujawahi kukatwa.

Macho ya fundi hayana pa kukimbilia. Kazi yangu miaka yote ni kuona kama vipande viwili vinakwenda pamoja.

Nikamtazama mbwa, mbwa akanitazama. Asiye na kadi. Asiye na chanjo. Na nyuma ya ukuta yupo mtu niliyemtukana mbele ya watoto wake. Nikafikiria mtaa mzima utakavyocheka: mjumbe wa kipaza sauti! Nikafikiria nitakavyoingia kwa daktari yule. Nikajiambia sindano ya kwanza si kachomwa? Nikajiambia mbwa wangu mpole, atakuwa amechokozwa. Nikajiambia mengi. Kisha nikakitia kile kipande kifuani, ndani ya sidiria, nikatafuta kitambaa kingine cha njano kwenye mfuko wa mabaki, nikaziba lile tundu. Kiraka kizuri, mwenyewe nasema, huwezi kukiona ukiwa hatua mbili. Hata mshono niliunyoosha.

Saa nane wakaja. Kesi za mtaa zinasikilizwa kwangu, ndiyo kazi ya mjumbe, kwa hiyo viti vilipangwa kwenye ua wangu mimi. Watu walijaa mpaka nje ya uzio. Jirani akaja na jibwa lake kwa mnyororo, kama alivyoitwa, akasimama nalo katikati. Mbwa wangu alikuwa barazani chini ya cherehani, na hakuna aliyempa hata jicho.

Walisema wote kwa pamoja. Mbwa wa namna ile si wa kukaa na watu. Damu yao ndivyo ilivyo, wameumbwa kukamata wezi. Leo mguu, kesho koo la mtoto. Auawe leo, na mwenye mbwa akibisha ahame naye arudi porini. Vijana watatu walishaingia na marungu. Mimi nilikaa kwenye kiti changu, kile kipande kinaniwasha kifuani, nasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kwenye midomo ya watu wengine. Hadithi ya machimboni pia ilisemwa. Safari hii mbwa alikuwa ameua wawili.

Jirani hakujitetea sana. Alisema tu, "Mayu, mama yangu, wewe ndiye mjumbe. Sema."

Nikasema. Na nilisema nini? Nilisema neno la mwoga. "Tusiue. Daktari kasema afungwe siku kumi. Tumfunge, tumwangalie." Nikaona nimetengeneza: mbwa wa watu hafi, na mimi sijulikani. Vijana wakanung'unika lakini wakashusha marungu.

Ndipo yule mama akainuka. Amevaa kitenge chake, kiraka changu kinacheza nyuma ya mguu uliofungwa bendeji. Akajitwisha mfuko wake wa mihogo. "Haya, mfungeni," akasema. "Mbwa kachanjwa, hataugua huyo. Mimi gari linaniacha. Asanteni sana, na wewe mama mjumbe, Mungu akubariki."

Mungu akubariki! Ilinipiga hapa. Watamwangalia mbwa mzima siku kumi, na siku ya kumi watasema mnaona, mzima, na mtu atampigia simu kumpa habari njema. Naye yuko Mishamo, anapalilia, hana habari. Ninyi mnajua kitakachofuata. Mimi nilijua. Na alishafika kwenye kona ya uzio, anachechemea, mkono mmoja umeshika mfuko.

"Simama!" nikapiga kelele. Sikuwa nimepanga. "Usiende! Mbwa ni wangu!"

Unajua walifanya nini? Walicheka. Kijana wa bodaboda akasema, "Mama mjumbe ana huruma bwana, anambebea Msukuma kesi." Mwingine akanyoosha kidole barazani: "Nani, yule? Yule anayekimbia kuku?" Nikasema ni wangu, nawaambia ni wangu. Wakaniambia nikae nipumzike, nimechoka na mambo ya hospitali. Jibwa lilikuwa limesimama pale na masikio yake na kifua chake, na wa kwangu alikuwa wa kwangu, hawakuweza kuamini hata nilipokiri kwa mdomo wangu.

Basi nikatia mkono kifuani mbele ya wanaume na wazee wa kanisa, nikatoa kile kipande. Nikakimbia mpaka kwenye kona, nikapiga magoti nyuma ya yule mama, nikachomoa mkasi nikaanza kukifumua kiraka changu akiwa amesimama. Anashtuka, ananiuliza unafanya nini, namwambia tulia mama, tulia, kosa langu. Kiraka kikaanguka. Nikakishika kile kipande kwenye tundu lake, upindo mwekundu ukakutana.

Mama mmoja akasogea, akainama akatazama, akasema polepole, "Ni chenyewe."

Watu wakageukia barazani. Na mbwa wangu, sijui ni macho ya watu au ni kile kilichokuwa tayari kinamtafuna kichwani, akatoka chini ya cherehani akauuma mguu wa stuli, akautikisa, akauachia, akapita katikati ya miguu ya watu kama risasi. Watu wakaruka juu ya viti. "Ua!" wakasema. Marungu yakageuka. "Msimuue!" nikapiga kelele, "jamani msimuue, aangaliwe!" Nikatoka mbio, peku, miaka yangu yote hii, sijakimbia hivyo tangu shule. Tulipita nyuma ya kanisa, tukaruka mtaro, tukavunja bustani ya mchicha ya mtu, watu hamsini na mbwa mmoja. Mawe yanapita pembeni yangu. Kila nikitaka kusimama nipumue naona rungu limeinuka, nakimbia tena.

Aliyemkamata ni jirani. Lile jibwa alilifunga kwenye mlingoti wangu wa bendera, akatoka na kamba ya ndama, akazunguka kwa mbele bila haraka, akarusha kitanzi mara moja. Mara moja tu. Akamfunga kwa umbali, hakumgusa, akawaambia vijana, "Anayemgusa huyu anakufa," na sauti yake ilivyokuwa ya chini, kila mtu alirudi nyuma. Tukamtia kwenye banda langu la kuku, nikahamisha kuku.

Gari la saa tisa liliondoka bila yule mama. Nilimwambia hatoki kwangu, atakula kwangu, atalala kitandani kwangu, na kwa sindano nitamshika mkono mwenyewe. Alinitazama sana, akaweka mfuko chini.

Siku ya nne mbwa wangu alikataa maji. Siku ya tano alikuwa anauma mbao za banda, udenda unamtoka, sauti yake imebadilika, inatoka kama ya mnyama mwingine. Nililia. Semeni mtakavyo, alikuwa mbwa wangu. Alikufa kabla ya siku ya sita kucha. Bwana mifugo alichukua kichwa kwa vipimo, na jibu liliporudi lilikuwa lile nililokuwa nalijua. Siku hiyo hiyo mimi pia nilikuwa kwenye benchi la zahanati, mkono wa gauni nimeupandisha, kwa sababu nani alikuwa anamlisha na kumfuta mate? Daktari akasema, "Karibu, mjumbe." Hakuongeza neno, na ningependa angeongeza.

Kwa jirani nilikwenda kuomba radhi mbele ya mke wake na watoto. Akanipa kigoda na chai. Mtaani nilisimama tena na kipaza sauti, safari hii kujisema mwenyewe. Mnafikiri ilisaidia? Mpaka leo mgeni akiuliza ni mbwa gani aliyeng'ata yule mama, ataonyeshwa ukuta wa Msukuma. Watu bado wanavuka barabara wakiliona lile jibwa, na mtoto mmoja juzi alinisimulia mimi mwenyewe jinsi lilivyomtafuna mtu wa Mishamo. Nilimkalisha chini, nikamweleza kuanzia mwanzo. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Lakini bibi, lile ndilo kubwa."

Yule mama alimaliza sindano zote. Ya mwisho alirudi kutoka kwake kwa ajili hiyo tu, nikamsindikiza hadi stendi kupanda gari la Mishamo. Alikuwa mzima, mnene kidogo, jeraha la mguu limefunga. Tulikuwa tumeishi nyumba moja majuma mawili, tumepika pamoja, na suala lile hatukuwahi kuligusa. Mfuko wake ulishapandishwa juu ya gari. Utingo anaita.

"Nataka kukuuliza," akasema. "Siku ile, kitambaa ulikipata saa ngapi?"

"Saa saba."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwishakadiria na sasa amepata hakika. "Na mimi nilikuwa chumbani kwako nimelala."

"Ndiyo."

"Kama wasingeita kikao, ningeamka, ningechukua mfuko, ningeondoka." Alinitazama bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonimaliza. "Ungenifuata?"

Watu walikuwa wanapanda, wanatusukuma. Nilitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa mdomoni, na yeye angeipokea, angepanda gari lake akiwa na amani na mimi ningerudi kwenye cherehani yangu.

"Sijui," nikamwambia.

"Haya," akasema, akanipa mkono, akapanda.